Mapipa kumi na matatu, yote pembeni isipokuwa moja

SWALI: Sisi ni marafiki wanane na tuna kipande cha ardhi kando ya ziwa, upande wa Dunga, Kisumu. Gati la nguzo tulilolikuta lilifunikwa na maji ziwa lilipofura. Sasa tunataka kujitengenezea gati la kuelea, mita 6 kwa mita 2.4, la kubeba watu kumi na kufungia mashua mbili. Fundi mmoja anasema mapipa manane yanatosha. Mwingine anasema tujaze ishirini chini yote. Nani mkweli? Na likishakamilika, tutaliingizaje majini bila kreni?

JIBU: Fundi wa kwanza amepiga hesabu ya uzito, hajapiga hesabu ya ukingo. Wa pili ameona hatari lakini dawa yake si hiyo. Mnahitaji mapipa 13. Kumi na mawili yakae pembeni kabisa, na moja tu katikati, pale daraja la kupandia linapolalia gati.

Pipa la plastiki la buluu la lita 210 likizama lote husukumwa juu na maji kwa nguvu ya kilo 210 hivi. Tengenezeni vipande viwili, kila kimoja mita 3 kwa 2.4, kisha muviunganishe majini. Kipande kimoja chenye fremu ya saiprasi, sakafu ya mbao za inchi moja, bolti na mapipa sita huwa kilo 290 kikiwa kipya. Mbao zikishanywa maji miezi kadhaa, hesabuni 330. Watu watano wa kilo 75 ni 375. Jumla ni 705, na mapipa sita yanaweza kubeba 1,260 kabla ya kuzama yote. Kwa hesabu hiyo hata mapipa manne kwa kila kipande yangetosha, na ndipo fundi wenu alipoishia.

Lakini watu hawasimami katikati kama magunia. Mashua ikikaribia, wote watano wanakwenda ukingo mmoja kupokea kamba. Hapo safu ya mapipa ya upande huo inabeba kama kilo 560 na ya upande wa pili 145 tu. Safu ya mapipa matatu ina uwezo wa 630, kwa hiyo itashika. Gati litainama, watu watapiga kelele, ila ukingo utabaki kama sentimita 15 juu ya maji. Safu ya mapipa mawili mwisho wake ni 420: inazama, na watu wanateleza kuingia ziwani wakifuatana. Watu saba wakibanana ukingo mmoja wa kipande kimoja, hata mapipa matatu hayatashika. Andikeni kikomo kwa rangi kwenye mbao: watu watano kwa kipande.

Kuhusu mapipa ishirini: pipa la katikati linasaidia kubeba, lakini haliwezi kuzuia kuinama kama lililo pembeni, kwa sababu liko karibu na mhimili, yaani mstari wa katikati ambao gati huinama kuuzunguka. Pia litaliinua gati juu zaidi ya mashua zenu na kulipa upepo mahali pa kusukuma. Mkiona gati linayumba sana, ongezeni upana. Yule pipa wa kumi na tatu ana kazi yake: daraja la mita 5 lina uzito wa kilo 150, nusu yake inakaa kwenye gati saa zote, na juu yake kuna watu wanaopita. Bila pipa hilo upande wa nchi kavu utalala chini kuliko upande wa ziwani.

Kabla ya kukata mbao yoyote, nunueni mapipa na kuyapima. Mengi yana kipenyo cha sentimita 58 na urefu wa 93, lakini yapo mafupi na yapo marefu, na fremu hutengenezwa kufuata pipa. Chagueni yenye vizibo viwili vidogo vya kukaza kwa kuzungusha. Yale ya mdomo mpana yenye kifuniko cha pete ya chuma ni mazuri ya kuwekea maji nyumbani, si ya kuelea. Ulizeni yalibeba nini. Ya mafuta ya kupikia au sharubati yanafaa, ya dawa za kilimo au kemikali za kiwandani yaacheni huko huko sokoni, maana hata kuyasuuza ni kuchafua ziwa. Ya chuma huliwa na kutu kwenye mstari wa maji. Na kama kuna anayependekeza mitungi ya lita 20, mwambieni atafute zaidi ya 130 na kamba ya kuifunga yote. Nunueni mapipa 14, moja la akiba.

Kupima kama pipa linavuja, lifungeni na kuliacha juani saa moja. Hewa ya ndani itapanuka na pipa litavimba kidogo. Pakeni povu la sabuni kuzunguka vizibo na maungio, na palipo na tundu pataonyesha mapovu. Baada ya hapo fungueni, zungusheni ile tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba kwenye nyuzi za kizibo, hakikisheni washa ya mpira ipo, kisha fungeni kabisa asubuhi kungali baridi. Hili la asubuhi lina sababu. Pipa lililofungwa saa saba mchana lina hewa ya moto. Likiingia majini hewa inapoa na kusinyaa, pipa linabonyea, na kama kizibo kimelegea kidogo tu linaanza kufyonza maji. Watu hulaumu pipa kumbe ni saa ya kulifunga.

Fremu ya kila kipande ni boriti sita za inchi 6×2 zenye urefu wa mita 2.9, zikienda kwa urefu wa gati, na mbao mbili za 6×2 za mita 2.4 za kufunga vichwa. Boriti mbili za kila ukingo ziachane sentimita 40 kamili. Hapa ndipo pipa linapokaa, na kipimo hiki kisibadilishwe ovyo. Pipa la sentimita 58 likiegemea nafasi ya 40 linapenya juu kati ya boriti kwa sentimita 8. Boriti ina kina cha 15, kwa hiyo zinabaki 7 kati ya mgongo wa pipa na sakafu. Nafasi ikiwa 50, pipa linapenya hadi kugusa sakafu na kila wimbi linagonga mbao kutoka chini mpaka skrubu zing'oke. Ikiwa 25, pipa halina kitanda, linabingirika. Boriti mbili za katikati zigawanye nafasi iliyobaki sawasawa, kila pengo kama 43. Pipa la kumi na tatu litaingia katika pengo la katikati.

Kingo za chini za boriti, pale pipa linapoegemea, zipigwe randa ziwe mviringo. Pembe kali ya mbao hukata plastiki polepole, mwaka mzima, bila mtu kuona.

Katika kila safu, kati ya pipa na pipa, fungeni kizuizi cha 4×2 chenye urefu wa sentimita 40, kikiwa kimesimama wima na sawa na ukingo wa chini wa boriti. Mapipa matatu ya 93 na vizuizi viwili vya sentimita 5 ni 289, ndani ya nafasi ya 290. Mkipata mapipa marefu zaidi, refusheni boriti.

Kwenye maungio ya boriti na mbao za vichwa msitegemee misumari. Gati halivunjwi na uzito, linavunjwa na kutikisika, na msumari unaotikiswa mara elfu kwa siku hujitoa wenyewe. Mpeni fundi wa jua kali awakatie vipande 24 vya engo laini (chuma chenye umbo la L) ya milimita 50, kila kimoja urefu wa sentimita 10, vyenye matundu manne. Kila ungio lipate kimoja na bolti nne za milimita 12, urefu wa inchi 3, zilizopakwa zinki. Hizo ni bolti 96, nunueni 100 na washa mbili kwa kila moja. Vipande hivyo vikae juu ya boriti, mbali na pipa, na palipo na pipa kichwa cha bolti ndicho kielekee upande wake, nati upande wa pili.

Kwa vipande vyote viwili mtahitaji futi 160 za 6×2, futi 55 za 4×2, na mbao 38 za 6×1 zenye urefu wa futi 8 kwa ajili ya sakafu. Daraja litake mbao mbili za 8×2 zenye futi 17. 6×2 kwa urefu huo hucheza chini ya miguu. Acheni pengo la sentimita moja kati ya mbao za sakafu ili maji yapite na mbao zipate mahali pa kuvimbia. Na tafadhali, msipake oili chafu ya gari. Najua ndiyo desturi kwa nguzo za ua, lakini hapa itashuka moja kwa moja ziwani, na juu yake sakafu itateleza kama kambare.

Fremu ijengwe ikiwa imepinduliwa, karibu na maji kadiri iwezekanavyo. Lazeni mapipa kwenye vitanda vyake, kisha geuzeni kila pipa mpaka vizibo vyake viwili vikae kwenye mstari wa mlalo, kimoja kushoto na kimoja kulia. Gati likiwa tupu maji hufika sentimita 18 tu ya pipa, na vizibo viko 29. Kwa hiyo siku nyingi vitakuwa juu ya maji. Kimoja kikielekea chini kitakaa majini maisha yake yote.

Kila pipa lifungwe kwa mikanda miwili ya poliesta, ile ya kufungia mizigo kwenye lori, kama mita 2 kila mmoja, ikishikwa kwenye boriti kwa bolti na washa pana. Kamba ya nailoni hurefuka ikilowa. Mnaifunga imekaza Jumamosi na Jumatatu inaning'inia. Kumbukeni kwamba gati likiwa majini pipa linasukumwa juu dhidi ya boriti. Mkanda una kazi hasa wakati wa kupindua fremu, na wimbi likiinua gati kwa ghafla.

Pipa la ukingoni linatokeza nje ya fremu kwa sentimita 4. Ndiyo maana ubavuni hufungwa mbao ya 4×2 ya sentimita 5, na juu yake nusu za matairi ya gari. Bila hiyo mashua itagonga plastiki.

Sasa kuingia majini. Kipande chenye fremu na mapipa bila sakafu ni kilo 175 hivi. Kwa watu wanane hiyo si kazi ya kreni. Pangeni matairi ya zamani upande kitakapoangukia. Sita wainue ukingo mmoja, wawili wasimame nyuma yao, upande ule ule, wakishika kamba zilizofungwa kwenye ukingo unaoinuliwa, ili kikivuka wima kishuke polepole. Hatari iko hapo kinapovuka wima, si wakati wa kuinua. Kikishalala sawa, pigilieni sakafu huku mkiacha mbao mbili wazi za kuchungulia mikanda.

Kuteremsha, pangeni magogo ya mkaratusi ya unene wa sentimita 10 juu ya mbao mbili zilizolazwa kama reli. Kamba ya nyuma izungushwe mara mbili kwenye nguzo au mti na mtu mmoja aiachie taratibu. Wote wasukume kutoka nyuma au ubavuni. Asiwepo mtu mbele, upande wa maji, hata wa kuelekeza. Kilo 290 zikianza kuteleza kwenye gogo lenye maji hazisikii sauti.

Fanyeni kazi hii kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi. Mapema zaidi kuna viboko wanaorudi majini kutoka malishoni. Mchana mabuu ya kichocho ndiyo mengi majini, na mtakuwa mmesimama kwenye maji ya kina kifupi, penye majani na konokono. Alasiri upepo wa ziwani hupuliza kuja upande wa Kisumu na mawimbi yanagonga ufuo. Vaeni buti ndefu na jaketi za kuokolea maisha, mkitoka jifuteni mara moja, na wiki kadhaa baadaye mpimwe kichocho. Tiba ipo kwa vidonge, prazikwanteli, ila hailindi mwili dhidi ya kuambukizwa tena.

Kikielea, pimeni kutoka juu ya sakafu hadi maji kwenye pembe zote nne. Inafaa mpate karibu sentimita 50. Pembe iliyo chini kwa zaidi ya sentimita 3 ina pipa linalovuja au kuna vifaa vimeachwa juu. Kisha, badala ya kujaribu kwa kupandisha watu, jazeni maji mitungi 19 ya lita 20, yaani kilo 380, muipange yote kwenye ukingo mmoja. Tazameni gati linavyoinama. Iacheni hivyo usiku kucha na mpime tena asubuhi. Pembe iliyoshuka itawaambia pipa gani la kubadilisha, na hapo ndipo mtakapolishukuru lile la akiba.

Vipande viwili visikazwe kwa bolti. Wimbi linainua kimoja huku kingine kikishuka, na ungio gumu litapasua mbao ya kichwa. Wekeni bawaba mbili za chuma karibu na pembe, zenye pini ya milimita 20, na pengo la kati lifunikwe kwa mpira mnene ili mtoto asitie vidole.

Nanga ndizo watu huzidharau. Zege hupoteza karibu asilimia 40 ya uzito wake likizama. Bonge la sentimita 50 kwa 50 kwa 40 lina kilo 240 nchi kavu, majini 140. Tengenezeni manne, kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne. Mifuko mitatu ya saruji inatosha yote. Kila moja liwe na pete ya nondo iliyopindwa na kuzamishwa ndani kabisa ya zege, na likae siku saba likimwagiwa maji. Kulipeleka kilindini, lining'inizeni majini kati ya mapipa mawili yaliyofungiwa gogo juu yake, livuteni kwa mashua, kisha mkate kamba. Asiwepo mguu wala mkono ndani ya kitanzi.

Minyororo iwe ya milimita 10, na urefu wake uwe mara tatu ya kina au zaidi. Ya upande wa ziwani ivuke chini ya gati, wa pembe ya kushoto uende kulia na wa kulia kushoto, ili mashua zisikwame kwenye mnyororo uliosimama ubavuni. Wekeni nafasi ya kurefusha. Kati ya mwisho wa 2019 na Mei 2020 ziwa lilipanda zaidi ya mita moja na kuvuka rekodi ya 1964. Gati lililofungwa kwa mnyororo mfupi lilivutwa chini na nanga yake mwenyewe. Chini ya mapipa pabaki maji ya sentimita 80 hata ziwa likishuka, vinginevyo mawe yatayatoboa.

Daraja lishikwe kwa bawaba upande wa nchi kavu, na upande wa gati liteleze juu ya bomba la chuma. Likiwa na mita 5, maji yakishuka mita moja mteremko bado unapitika. La mita 3 litakuwa ngazi.

Halafu kuna gugumaji. Upepo ukilileta kwa zulia zima, hakuna mnyororo wa kulizuia; linasukuma kwa uzito wa eneo lote lililo nyuma yake. Kichwa cha gati, si ubavu, ndicho kielekee linakotokea. Likifika kwa wingi, ondoeni daraja na mfungue nanga za upande wa nchi kavu, gati lizunguke na za nje. Yanayonasa kati ya mapipa yatolewe kila wiki kwa reki, kwa sababu huoza na kuwa kitanda cha konokono wale wale wa kichocho.

Haya yote yasianze kabla ya kuongea na BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya ufuo wenu, Mamlaka ya Rasilimali za Maji na NEMA, mamlaka ya mazingira. Ukanda wa kando ya ziwa unalindwa hata kama hati ya ploti ina jina lako, na BMU ndio wanaojua mashua za wavuvi zinapita wapi usiku. Wavuvi wa omena wanafanya kazi gizani, kwa hiyo gati liwe na taa nyeupe kwenye kichwa cha ziwani na vibandiko vya kuakisi mwanga kwenye pembe zote. Taa ndogo ya sola inatosha, mradi ifungwe kwa bolti.